Msimtoe Khaemba Majini

Barua ya daktari wa Mombasa ilifika Nyalenda, Kisumu, Jumamosi asubuhi, na kabla Dorca hajamaliza kuisoma, mumewe alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. Walter Obiero, kutafuta viatu! Mtu ambaye miezi miwili iliyopita alitolewa ziwani miguu imekufa ganzi tangu kiunoni, akapelekwa pwani na kufungiwa siku nne ndani ya lile pipa kubwa la chuma la kutibia wapiga mbizi, akisukumiwa hewa mpaka damu yake ikatulia. Sasa alitembea, ndiyo, lakini kwa kujikokota, na hatua hamsini tu zilimtoa jasho.

"Rudia hapo," alisema.

Dorca akarudia. Daktari aliandika kwamba jedwali alilolitumia Walter, lile linalomwambia mpiga mbizi akae chini dakika ngapi na apande vipi, ni la baharini. Kisumu iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ukipanda kwa hesabu za Mombasa, damu inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Ziwani lazima upande polepole zaidi, na karibu na juu ungoje sana.

Kumbe lilikuwa kosa! Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Walter alikuwa amejichagulia wa kumshinda. Miezi miwili aliwaacha watu waseme ziwa limemshika miguu, na hakubisha, maana kushindwa na ziwa kuna heshima kuliko kushindwa na hesabu. Tena jedwali lile alilinakili kwa mkono wake akampa Khaemba, mpiga mbizi mwenzake aliyechukua kazi ya kuinua injini ya meli iliyozama mbali nje ya Asembo Bay. Na Khaemba alikuwa anazamia leo, na simu yake haikupatikana.

Gordon, jirani aliyekuwa mnunuzi wa samaki, ndiye mwenye pikapu.

"Gordon, omera, ndugu yangu, kanyaga mafuta!"

"Nikanyage vipi na hizi mashimo?"

"Kanyaga tu!"

Pikapu iliruka mashimo, maboksi matupu ya samaki yakigongana nyuma. Walter alishika dirisha kwa mikono miwili. Hakuwahi kuogopa namna ile, hata siku miguu yake ilipokataa. Wakati ule aliyeumia alikuwa yeye mwenyewe.

Ufukweni walikuta vigelegele. Injini imepanda! Ilionekana kwa mbali ikielea katikati ya mapipa yaliyoiinua, kando ya boti ya kazi. Mvuvi mmoja akamkimbiza Walter kwa mtumbwi wa mota, na walipokaribia akasikia wimbo. Masinde, kaka yake Khaemba, na wanaume wawili walikuwa wanavuta kamba ya mpiga mbizi, mkono juu ya mkono, kwa furaha, kwa kasi.

"Acheni!" Walter alipiga kelele. "Msimtoe! Mwacheni majini!"

Alijitupa botini kifudifudi, akaidaka kamba na kuizungusha kwenye chuma cha kufungia kamba. Masinde akamkamata ukosi.

"Wewe Walter una wazimu? Ziwa ilikuachilia, sasa unataka ibaki na ndugu yangu?"

Walter aliishikilia kamba. Wanaume wote walikuwa wanamtazama.

"Ziwa haikunishika," alisema. "Mimi ndiyo nilikosea hesabu. Na hiyo karatasi ya Khaemba, niliandika mimi. Ukimtoa saa hii, atakuwa kama mimi."

Masinde alimwachilia ghafla, kana kwamba ukosi umemchoma.

Basi wakamshusha Khaemba mpaka mita sita, wakamteremshia chupa nyingine ya hewa. Baadaye mita tatu. Mapovu yalipanda, yakapasuka, na Walter hakuyaondolea macho hata kwa kufuta jasho. Khaemba akavuta kamba mara tatu: nitoeni. Walter akavuta mara moja: hapana. Akavuta tena, kwa hasira. Hapana! Masinde alikuwa anasali kwa Kibukusu, akichanganya sala na matusi. Saa nzima ilipita, na nusu yake tena.

Hatimaye Khaemba alipandishwa, midomo imekauka, anatetemeka, ana hasira za mtu aliyenyimwa sherehe yake mwenyewe.

"Nani huyo amenigandisha kama samaki mbuta kwa barafu?"

"Simama," alisema Walter.

"Walter? Umefika hapa namna gani?"

"Simama kwanza!"

Khaemba akasimama.

"Inua mguu. Huo mwingine. Sasa ruka."

Khaemba akaruka, boti ikayumba, na Masinde akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka.

"Haya, niambie," alisema Khaemba, "miguu yangu iko na shida gani?"

"Hakuna," Walter alijibu. "Ruka tena."