Fahali wa Wodi ya Wazazi

Jumwa ndiye aliyechaguliwa kumvisha leso Mheshimiwa Ubeid, kiongozi wa chama aliyekuwa akiutafuta urais, siku alipokuja Garsen kuongoza harambee ya wodi ya wazazi. Wanawake walimchagua kwa sauti moja, maana kila mtu alikijua kisa cha binti yake. Mwaka wa mafuriko uchungu ulimshika barabara zikiwa zimekatika, akafia kwenye mkokoteni wa punda kabla ya kufika hospitali. Mwenye mkokoteni alikuwa Galma, mfugaji Muorma wa Minjila. Alimvuta punda ndani ya maji ya kifua, na binti alipokata roho akageuza na kumrudisha maiti kwa mama yake.

Siku ya harambee Galma naye alifika kwenye uwanja wa shule, akiswaga fahali mweupe ambaye wafugaji wenzake walimtoa ili anadiwe.

Mheshimiwa alishuka kwenye helikopta katikati ya vumbi. Alikuwa mfupi kuliko picha zake. Jumwa alikuwa amejiandaa kumweleza habari za binti yake, lakini mtu huyo alimpa mkono laini, akamwita mama, na macho yake yakawa yameshahamia kwa mwingine. Jumwa akarudi kuketi na maneno yake yote.

Fahali alipoletwa mbele, mshereheshaji alitangaza kuwa ni mchango wa Dabaso, aliyekuwa akiitaka tikiti ya ubunge. Vijana wa Dabaso, waliovaa fulana za manjano zenye sura yake, wakapiga miluzi. Galma akapanda jukwaani bila kuitwa. Mshereheshaji alidhani amekuja kushukuru, akampa kipaza sauti.

"Hii ng'ombe si ya Dabaso," Galma akasema. "Ni ya wafugaji ya Minjila. Tumeleta kwa akina mama. Dabaso hajaleta hata kwato."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mheshimiwa naye alicheka. Dabaso peke yake hakucheka. Aliwatazama vijana wake, akawaonyesha Galma kwa kidevu.

Walimvuta Galma miguu akaanguka chini ya jukwaa kwa uso. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili likampasua juu ya jicho. Wafugaji waliokuwa nyuma walipoona damu wakaja na fimbo zao, na mara viti vilikuwa vikiruka, turubai likalala juu ya watu, mawe yakalia kwenye mabati ya shule. Kijana mmoja alimdunga fahali kisu ubavuni. Mnyama akakata kamba, akapita katikati ya wanakwaya akiwatupa huku na huku, hadi polisi mmoja akampiga risasi. Kisha vitoa machozi vikafuatia, na hakuna aliyemwona mwenziwe tena.

Jumwa alitambaa. Alimkuta Galma akiwa amejikunja huku mmoja wa wale vijana akimkanyaga kichwa kwa buti. Akachukua mguu wa kiti uliovunjika, akampiga yule kijana gotini kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akausikia mfupa ukilia. Hakumhurumia. Alimshika Galma kwapani na kumburura hadi njiani, ambako walinzi walikuwa wakimsukuma Mheshimiwa ndani ya gari, maana helikopta ilishaondoka.

Jumwa akasimama mbele ya gari. Mlinzi alimpiga kofi, akayumba, akarudi palepale. Kioo kikashuka kidogo.

"Huyu ni nani wako?" Mheshimiwa akauliza.

"Mume wangu," Jumwa akasema.

Mheshimiwa alimtazama, safari hii kwa kumwona. Akaamuru mlango ufunguliwe. Njia nzima ya hospitali kichwa cha Galma kilikuwa mapajani mwa Jumwa, damu ikichuruzika kwenye viatu vya kiongozi, na kiongozi hakuvisogeza. Akauliza iwapo mtu huyu atapona. Jumwa akamjibu kwamba hajui. Kidogo alianza kumpenda kiongozi huyo.

Lakini waandishi wa habari walikuwa wameshafika hospitalini, na Dabaso pia. Dabaso alinong'onezana na Mheshimiwa kando ya gari. Kisha Mheshimiwa akazielekea kamera na viatu vyake vyenye damu, akasema wapinzani wake wametuma wahuni kuvuruga harambee, na kwamba mfuasi wake mwaminifu yuko mahututi. Akamshika Jumwa bega, akawaambia mke wa majeruhi ndiye huyu.

"Mimi si mkewe," Jumwa akasema mbele ya kamera. "Nilidanganya ili abebwe. Waliompiga ni vijana wa Dabaso, na Dabaso ndiye aliyewaonyesha. Mheshimiwa alikuwa ameketi karibu naye. Aliona."

Mkono ukaondoka begani mwake. Mheshimiwa aliingia garini.

Keshoye mchana vijana wa Dabaso walikuja kwenye kibanda cha chai cha Jumwa. Majirani walifunga milango. Walimvunjia meza, wakamwita msaliti, kisha aliyekuwa mbele akamkaba shingo na kuchomoa panga. Sufuria ya chai ilikuwa ikichemka kwenye jiko kando yake. Jumwa aliikamata kwa mikono mitupu, akammwagia chai yote usoni. Yule kijana alipiga ukelele ambao Jumwa aliusikia masikioni kwa miezi mingi. Wenzake walimbeba wakakimbia, lakini kwanza walikitia moto kibanda.

Galma alipoteza jicho. Barwako, mkewe, alimpeleka Jumwa kwake Minjila, akampaka dawa viganja vilivyoungua na kumlisha kwa mkono wake mpaka vikapona. Hakuna aliyeshtakiwa. Dabaso alipata tikiti, akashinda, na wodi haijajengwa.

Wiki moja baada ya uchaguzi Jumwa na Galma walikwenda pamoja kituo cha polisi kuandikisha taarifa kwa mara ya tatu. Askari aliwauliza kama hawaogopi. Galma alisema anaogopa. Jumwa akavuta kiti, akaketi, akaanza kueleza upya tangu fahali alipoletwa mbele.