Chungu Kilichokwisha Kuchomwa

Wivu, jamani, una kazi! Hanifa, binti wa Muksini mwenye duka la vitenge pale Kyela mjini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye darasa la kompyuta la mwalimu Adela. Tusekile alipokuja wiki ya tatu, kutoka kijiji cha Ikombe kwa mtumbwi mpaka Matema, kisha kwa gari, ni Hanifa huyohuyo aliyemfundisha kushika kipanya. Sasa Tusekile ndiye anayesifiwa kila siku, na kila sifa inamchoma Hanifa rohoni.

Mwalimu alikuwa amesema: atakayeandika programu ya salamu au shukrani kwa C, lugha ya kompyuta, na kuieleza vizuri kuliko wenzake, huyo atabaki kuwa msaidizi wake. Nafasi moja tu. Hanifa aliitaka mpaka hamu ya kula ikamwisha.

Tusekile, mtoto wa mfinyanzi, aliwaeleza wenzake kwa mambo ya kwao. "Kuandika ni kufinyanga. Ukimaliza, unakompaili, mashine inakutolea programu yenyewe. Huko ndiko kuchoma."

Hanifa akabetua midomo. "Tumekuja kusoma kompyuta au kuuza vyungu?" Akachukua mkoba wake, akatoka kabla mwenzake hajamaliza.

Siku ya majaribio, wote walipokwenda kula, Hanifa alibaki nyuma. Akafungua maandishi ya programu ya Tusekile. Palipoandikwa "Ndaga fijo", ile asante sana ya Wanyakyusa, akafuta, akaandika "Mimi sijui kitu". Akahifadhi, akafunga. Leo utaumbuka, bibi wee!

Zamu ya Tusekile ikafika. Akaiendesha programu yake, na kioo kikajibu: Ndaga fijo. Darasa likapiga makofi.

"Haiwezekani!" Neno lilimtoka Hanifa kabla hajalizuia.

"Nini hakiwezekani?" mwalimu Adela akauliza. Mwalimu akafungua maandishi ili Tusekile ayaeleze, na darasa zima likasoma: Mimi sijui kitu. Kando yake pameonyeshwa saa yalipobadilishwa mara ya mwisho, saa saba na robo. Saa saba na robo wote walikuwa kwa mama ntilie, wanakula wali na samaki. Wote isipokuwa mmoja, na vichwa vikamgeukia.

Hanifa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akangoja matusi, matusi angeyaweza, kwao dukani amezoea kujibizana. Tusekile wala hakupandisha sauti.

"Dada Hanifa," alisema, "siku ile ungekaa nikamaliza habari ya vyungu, ungejua. Chungu kikishachomwa, hata ukiuchezea vipi udongo uliobaki, chenyewe hakibadiliki. Mimi nilishakompaili kabla ya kula; ulipaswa kuchoma tena."