Sauti ya Kwenda Usailini

Yuliana alikuwa anakata kabichi kwenye tuta la juu kabisa, huko Mgeta, alipojaribu kumeza mate akashindwa. Machozi yakamtoka. Mama mkwe wake, Bi Veronika, akatua kapu, akamshika kidevu.

"Fungua mdomo. Ahaa! Kimeo hicho, kimeshuka. Twende kwa mzee akakikate."

"Mama, kesho nina usaili," Yuliana alinong'ona.

"Ndiyo maana nasema tuwahi!"

Usaili wenyewe ulikuwa wa mahojiano. Tangu apate stashahada ya ualimu, Yuliana alikuwa amezaa, amelima, amejitolea kufundisha shule ya kijijini, na ameomba ajira mpaka akazoea kukosa. Safari hii alikuwa amefaulu mtihani wa kuandika. Bi Veronika akampigia simu afisa wa usaili, amwombee siku nyingine.

"Asiyefika amejiondoa mwenyewe," afisa alijibu, akakata.

"Hana hata shikamoo!" Bi Veronika akafoka.

Habari ya kukatwa kimeo Yuliana hakutaka kuisikia. Alishamwona mtoto wa jirani akitapika damu baada ya wembe wa mzee huyo. Akapanda lori la mboga, akashuka nalo mjini, moja kwa moja mpaka zahanati.

Tabibu, mama mmoja aliyeitwa Editha, alimmulika kooni kwa tochi.

"Kimeo chako hakina kosa. Mafindofindo ndiyo yamevimba, yana usaha. Una kisukari? Vidonda vya tumbo? Mimba?"

Yuliana akatikisa kichwa kila mara, akanong'ona kuwa kesho ana usaili wa ualimu.

"Basi hii ni ya kuua vijidudu, umalize dozi hata ukijiona mzima. Na hii deksa utameza hapa hapa, mbele yangu."

Yuliana akarudi nyuma. "Deksa? Ile ya kunenepesha mashavu?"

"Mashavu ni ya wanaoila kila siku kwa kununua dukani kimyakimya. Hao wanajiharibu. Wewe unameza mara moja tu, ishushe uvimbe na maumivu. Vijidudu haiui, kwa hiyo usiniachie ile nyingine. Ukishindwa kupumua, rudi mbio. Haya, meza, mwalimu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfungua mdomo.

Asubuhi, nyumbani kwa dada yake Kilakala, alikunywa chai, akamega andazi, akameza. Koo liliuma, lakini lilipitisha. Sauti ilikuwa imerudi, ya kukwaruza, ila sauti.

Kwenye chumba cha usaili, mwenyekiti wa jopo hakuinua uso.

"Sauti hiyo itafika nyuma ya darasa?"

Yuliana aliinuka. Alikwenda dirishani, akalisukuma wazi. Nje, wasailiwa walikuwa wamebanana kwenye kivuli cha ukuta, wengi kuliko nafasi zilizotangazwa.

"Darasa!"

Wakageuka, wakacheka. "Naam, mwalimu!"

"Chungwa moja nimeligawa sawa kwa watoto watatu. Kila mmoja kapata nini?"

"Theluthi moja!" uwanja mzima ukanguruma.

"Nani kasema nusu? Wewe mwenye tai, nimekusikia!"

Kicheko kikalipuka. Mjumbe mmoja wa jopo akaficha tabasamu kwa kiganja.

"Funga dirisha!" mwenyekiti akasema. Sasa alikuwa ameinua uso.

"Mheshimiwa, kijijini kwetu mwalimu mmoja anashika madarasa matatu, na walimu wamejaa hapa nje. Nitafunga somo likiisha."

Akawageukia tena wanafunzi wake.