Kuita Roho ya Jakha

Siku ya tatu tangu aache pombe, Jakha alianza kuona wageni wasiokuwepo. Aliwakaribisha mkekani, kisha akawagombeza kwa kukanyaga mpunga, huku mwili wote ukimtetemeka na jasho likimtiririka katika baridi ile ya milimani. Dada yake, Nateu, alimfuta uso. Alijua wa kulaumiwa ni nani.

Ni yeye aliyemwachisha. Yeye, mhudumu wa afya wa kijiji, alimsimamisha kaka yake mbele ya watu akamwapisha asiguse tena gongo ya mahindi, hata tone. Watu wakapiga makofi, naye akavimba kichwa. Kwenye mafunzo daktari alishaonya kwamba mnywaji wa miaka mingi asiache ghafla, apelekwe kwanza zahanati. Nateu alisikia, akapuuza, maana alitaka kuwa na mtu wa kuwaonyesha wengine kama mfano. Haraka haraka haina baraka, na hasara ilimwangukia Jakha.

Mama yao hakujua habari za mafunzo. "Roho yake imemtoka," alisema. "Imebaki shambani." Akamwita Mzee Jalaw, mwita roho wa kijiji.

Mzee alikuja na kuku, wali, uzi mweupe na kikombe cha gongo. Akaketi mlangoni. "Jakha ee, rudi nyumbani. Porini hakuna moto. Porini hakuna mama."

Mama akalia. Mzee akainua kikombe, kwani roho ikirudi mgonjwa hunywa.

"Babu, mpe chai," Nateu alisema.

"Pombe si chai, binti. Wewe ndiye uliyemnyima, roho ikakimbia. Sasa unataka kuirudisha kwa majani?"

Majirani wakacheka. Nateu aliona aibu, lakini hofu ilizidi. Jakha akinywa, atarudi kule kule kwenye ulevi, na ini lake lilikwisha kuharibika. Akiachwa hivi hivi, huenda asifike jioni.

"Nilikosea, babu. Niliambiwa asiache ghafla, nikafanya kiburi. Hali hii inaua. Zahanati wana dawa ya kumtuliza polepole, na pikapu iko hapo barabarani. Nisaidie kumbeba."

"Na roho ikirudi ikute nyumba tupu?" mama aliuliza.

Mzee alifikiri, kisha akaweka kikombe chini. "Nitaiita njiani."

Alichukua uzi amfunge Jakha mkononi, ili roho ikirudi isitoke tena. Ukamponyoka mara tatu. Mwita roho hanywi mpaka kazi iishe, na tangu alfajiri mzee hakuwa ameonja hata tone la gongo. Vidole vyake vilitetemeka sawasawa na vya mgonjwa. Nateu akamshika mkono, wakafunga fundo pamoja.

Pikapu ilipoteremka, mzee alikaa nyuma pamoja na mgonjwa na Nateu, akiita roho kila kona. Katikati ya kona mbili alimwinamia Nateu.

"Siku ukija kuniachisha mimi, usiniachishe kwa siku moja."

"Sitakuharakisha, babu."

Kwenye kona iliyofuata aliita tena. Safari hii aliita majina mawili, la Jakha na lake mwenyewe.