Swichi Hatoki Jukwaani

Ati kubonyeza tu! Miaka miwili msichana wa watu amesimama nyuma ya pazia la ukumbi wa shule, kavaa nguo nyeusi tii ili asionekane, mara anawasha taa kwenye meza iliyo mwisho wa ukumbi, mara anavuta kamba, anashikilia mlango wa maboksi usiwaangukie wenzake, halafu mwalimu wa muziki anasema mbele ya darasa zima kwamba kazi ile ni kubonyeza tu. Wenzake walimpachika jina la Swichi, na jina likamganda.

Basi mwaka huo Swichi akaomba kuigiza. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, maana ni nani aliyehudhuria kila zoezi kama si yeye? Siku ya majaribio aliimba vizuri mno, ila kila taa ilipomwangukia alisogea kando, akaingia kivulini. Hakukusudia. Mwili ulishazoea kukimbia mwanga. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe umeumbiwa nyuma ya pazia," akasema. Hata hivyo akampa wimbo mmoja, wa mjane anayekataa kuhamishwa nyumbani kwake, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

"Na taa, Mwalimu?"

"Nitabonyeza mimi."

Swichi akamwandikia daftari zima. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: taa za mbele zisiwashwe zote huku feni zikizunguka, umeme utakatika. Mwalimu akalipokea, akaliwekea kikombe cha chai juu. Wiki tatu daftari lilikaa palepale kwenye meza ya taa, na alama ya kikombe ikazidi kukolea. Hivi huyo ni mtu au gogo?

Kilichomuuma Swichi hasa ni bibi yake, aliyemlea. Mara mbili bibi alikuja kutazama, akakaa mpaka mwisho, akarudi nyumbani akiuliza, "Mbona sikukuona, mjukuu wangu?" Safari hii Swichi alimwahidi kwamba atamwona. Onyesho lilikuwa saa tisa mchana. Bibi alifika saa nane, akakamata kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani.

Swichi akaingia jukwaani, mjane kamili. Akaimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu mwalimu, aliyekuwa mwisho wa ukumbi kwenye meza ya taa, akataka makubwa. Akawasha taa zote kwa mpigo. Feni zilikuwa zinazunguka. Pap! Giza. Madirisha yalizibwa kwa mapazia mazito, huoni hata kidole chako.

"Swichi!" mwalimu akaita bila haya. "Shuka uje urekebishe! Wimbo atamalizia mwenzako!"

Jamani! Na miguu ikaanza kwenda yenyewe, kwa mazoea. Alishapiga hatua mbili kuelekea ngazini hasira ilipompanda. Akasimama. Akarudi katikati, akipapasa kwa unyayo utepe wa kuonyesha mahali pa kusimama, alioubandika sakafuni yeye mwenyewe.

"Sitoki!" akasema kwa sauti ya mjane. "Zima feni, kisha pandisha swichi nyekundu ya ukutani. Ukurasa wa kwanza, Mwalimu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Swichi hakucheka. Akaushika wimbo pale alipouachia, akauimba gizani kwa uchungu wa miaka miwili, na watu wakanyamaza mmoja mmoja. Huko nyuma kulisikika kiti kikianguka, kurasa zikipekuliwa kwa mwanga wa simu, mtu akihema. Taa ziliporudi zilimwangukia usoni zote. Hakusogea.

Onyesho lilipokwisha mwalimu alimfuata, jasho likimchuruzika. "Umeniaibisha mbele ya wazazi. Mwakani unarudi kwenye taa zako, umesikia?"

Kabla Swichi hajajibu, bibi alishafika, mkoba kwapani.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "mara mbili nimekaa kwenye viti vyenu nikimtafuta huyu mtoto. Leo nimemwona. Sasa unamrudisha wapi?"

Mwalimu akalegea. "Mama, nielewe. Zile taa bila yeye hatuziwezi. Ni kazi ngumu."

Swichi akachukua mkoba wa bibi yake, akamtazama mwalimu machoni.

"Si kubonyeza tu, Mwalimu?"