Nilivyomtafsiria Mama

Mimi ndiye niliyemdanganya mama. Kwenye semina wananiuliza kwa nini niliacha duka langu la nguo pale Mugumu nikawa mtu wa kuzunguka na habari za saratani, nami nawajibu kwa kifupi kwamba mama aliugua. Ni kweli, ila ni nusu.

Siku ile Mwanza daktari alisema bila kuzunguka: saratani ya titi, dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, kinaishia kwenye bei na salamu. Akanigeukia. Nikamwambia kwa Kikurya, "Anasema ni jipu baya." Nikajiona mtoto mwema. Mjinga mkubwa!

Baada ya dripu ya pili uvimbe ukanywea, mama akagoma.

"Jipu limepona, Wegesa. Nikafuate nini Mwanza, na ulezi wangu unaliwa na ndege?"

Nilikuwa na neno moja tu la kumrudisha hospitali, nikalimeza.

Miezi sita baadaye mgongo ukamlaza. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Ndipo nikamweleza yote, nimepiga magoti kando ya kitanda, nalia. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Huo ugonjwa ulikuwa wa nani?"

"Wako, mama."

"Sasa mbona ulikaa nao wewe?"

Tulimzika kijijini kwetu Morotonga mwezi wa nne. Nikafunga duka. Shirika moja likanichukua, nikawa nazunguka kliniki, nakaa na wagonjwa, nawaeleza kwa Kikurya yale wanayoambiwa kwa Kiswahili.

Juzi kijana mmoja, Brayan, alimleta mama yake. Daktari akasema ni saratani ya koo. Brayan akamgeukia mzazi wake kwa Kikurya kitamu kabisa: "Ni kidonda tu cha koo, mama."

"Sivyo alivyosema," nikaingilia kwa Kiswahili.

Akanikazia macho. "Dada, huyu ni mama yako?"

"Hapana. Wangu nilimficha hivyohivyo, nikamzika. Mwambie wewe mwenyewe, mimi nipo hapa."

Nikadhani atainuka aondoke naye. Kisha akamwambia, na ugonjwa akautaja kwa jina lake. Mama yule akaangalia mikono yake.

"Muulize daktari," akamwambia mwanawe, "narudi lini?"

Mama yangu sikumpa nafasi ya kuuliza hivyo.