Maria Hakusimama

Kina mama wenzangu, tangu Serikali ilipofuta malipo ya zahanati, hofu ya fedha imetutoka. Imebaki hofu nyingine, nayo inaua. Someni haya ya mama Esperanca.

Jina lake Ermelinda. Alivuka Ruvuma na mumewe Inasio wakikimbia vita, wakalima jirani nasi. Binti yao Esperanca aliposhikwa na homa, mama akawa anamkanda kwa maji ya majani. Nikamwambia, "Twende zahanati. Ni bure."

"Bure?" Akacheka puani. "Kule ng'ambo Mreno alitupiga sindano bure, mama Fikirini. Akaandika majina. Baada ya mavuno wakaja nayo kuchukua wanaume. Kaka yangu Sebastiao hajarudi mpaka leo."

"Huku hakuna Mreno. Jina wanaandika ili wakuite zamu yako ikifika."

Akaendelea kumkanda. Lakini mtoto alikuwa anawaka moto, tukaenda.

Mimi nilikaa kwenye benchi nimempakata Esperanca, yeye akaenda dirishani kuandikisha. Watu walijaa, maana cha bure hakikosi watu. Tukangoja. Mwisho dresa, ndiye anayetibu pale, akatoka, akaita, "Maria Petro." Kimya. Akaita tena. Nikasema, "Huyo Maria kapona njiani, karudi zake kulima." Kina mama wakacheka. Ermelinda naye akacheka, akainama kumfunika mtoto vizuri kwa kanga. Dresa akaita anayefuata.

Nilikuwa bado nasubiri liitwe jina la Esperanca, mara degedege likamshika mapajani mwangu. Dresa akaja mbio, akamchukua, akauliza jina lake. Mama yake akasema kwa sauti ndogo, "Maria."

Gari liliagizwa kutoka Mtwara. Lilipofika tulikuwa tumeshamfunika uso.

Matangani nilimwuliza, wala si kwa kumlaumu, "Ulisikia ukiitwa. Mbona hukusimama?"

"Ulikuwa umekaa ubavuni mwangu," akasema. "Ungesema mbele ya watu kwamba huyu siye Maria."

Na kweli ningesema.

Basi tajeni majina ya watoto wenu. Huku hakuna atakayekuja nayo baada ya mavuno. Nami siku hizi jina likiitwa pale zahanati na asiitike mtu, sifanyi mzaha. Natazama benchi zima, namtafuta mama aliyeinama.